Mtu-Mwamba Haoni Rangi

Mchezo wa mezani ulimwokoa mke wangu alasiri moja, na kabla usiku haujaisha ukampeleka mdogo wangu mahabusu.

Msicheke. Someni kwanza.

Mimi ni mzee niliyesoma shule ya jioni, mikono ikiwa bado na grisi ya kazini. Kwa hiyo mjukuu wangu alipotuletea ule mchezo wa dadu, nilimaliza kitabu chote cha kanuni kabla sijarusha hata moja.

Mchezo ni hivi: kila mchezaji anajigeuza mhusika fulani. Msimulizi anaeleza mnachokiona, ninyi mnasema mnafanya nini. Mjukuu ndiye msimulizi wetu. Mimi nilikuwa binadamu mwenye tochi. Mdogo wangu, fundi umeme ambaye mtaa mzima unamwita Fundi, alichagua mtu-mwamba, kiumbe cha mapangoni kinachoona gizani.

"Kaka, betri zikiisha uje unishike shati," alinitania.

Basi siku hiyo tuko pangoni. Tochi yangu imezima. Mbele kuna kamba mbili: nyekundu inafungua lango, ya kijani inaangusha mwamba.

"Nakata nyekundu," Fundi akasema.

"Umeijuaje, babu mdogo?"

"Si naona gizani!"

Nikadakia. Hapo ndipo penye raha ya kusoma. "Unaona, ila rangi huoni! Kanuni inasema gizani mtu-mwamba anaona kijivu tu."

"Sasa hiyo nayo ni kanuni? Nani anaona rangi penye mwanga hafifu?"

"Sisi wote," mjukuu akacheka.

Fundi hakucheka.

"Yaani wewe ukipanda darini na tochi, nyekundu na kijani unazitofautisha?"

"Vizuri tu, babu mdogo."

Akaitazama mikono yake.

Asubuhi ile alikuwa darini kwetu, anafunga hita ya kuogea.

Na mke wangu alikuwa bafuni, anaimba.

"Zima umeme!" Fundi akapiga kelele. "Shemeji, usiguse bomba!"

Mjukuu akarukia swichi kubwa. Meza ikapinduka, dadu zikatawanyika sakafuni. Wimbo ukakatika.



Kisha mlango wa bafuni ukafunguka. "Mmerukwa na akili? Hata maji sijafungulia, mnanizimia taa!"

Nilipanda darini mwenyewe. Waya mwekundu, ule wenye umeme, ulikuwa umefungwa kwenye bati la hita, mahali pa ule wa kijani unaopeleka umeme ardhini.

Niliposhuka nilitegemea kumkuta Fundi anashukuru. Alikuwa amekaa chini, katikati ya dadu.

"Kaka. Mwalimu wa kona."

"Amefanyaje?"

"Hita yake nilifunga mimi."

Mwalimu huyo, jirani yetu wa kona ya mtaa, tulikuwa tumemzika majuzi. Alikutwa bafuni, tukaambiwa ni moyo. Fundi alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

"Mjane wake si yuko kwa ndugu zake?" nikauliza.

Mke wangu akajibu, taulo bado begani: "Karudi leo. Yeye na watoto."

Fundi akasimama.

"Mdogo wangu, tunaweza kumwambia asitumie hita. Si lazima useme yote."

"Nitasema yote."

Giza lilikuwa linaanza kuingia. Kwenye ngazi za nje akasita, mguu ukapapasa hewani. Kisha akanishika shati.

Hakuna aliyetania.

Mjane alifungua mlango, akatabasamu. "Karibuni, mafundi wangu."

"Mama," Fundi akasema, "kabla hujatukaribisha, kazime umeme. Halafu ukae chini."

Alikaa. Kilio chake kilileta majirani, na majirani wakaleta polisi.

Ninapoandika haya Fundi bado yuko ndani. Daktari aliyempima anasema ugonjwa wa macho, wa kutoona vizuri wala kutofautisha rangi penye mwanga hafifu, ulianza zamani, na Fundi alidhani dunia iko hivyo kwa kila mtu.

Ndugu zangu, macho ya mtu-mwamba niliyajua kwa kanuni na ukurasa. Ya mdogo wangu, tuliyekula naye sahani moja tangu utotoni, sikuwahi kuyauliza.

Waulizeni watu wenu wanaona nini. Msingoje mchezo uwaulizie.