Mjomba katika Kanuni ya Wazazi

Katika miaka ile ya Ujamaa, kiwanda nilichokitumikia mjini Morogoro kilikuwa na mfuko wa matibabu uliochangiwa na wafanyakazi wote. Kanuni yake ilisema kwamba mzazi wa mfanyakazi akilemazwa na uzee au ajali, mfuko utamgharimia muuguzi aliyesomea kazi hiyo, amhudumie nyumbani. Mzazi, kwa tafsiri ya kanuni, alikuwa baba au mama. Walioitunga walitoka mikoa ambako mtoto ni wa baba. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba.

Mjomba wangu, aliyenilea na kunisomesha, aliteleza katika shamba lake la kabichi mlimani, akavunjika nyonga. Hospitali ilimrudisha nyumbani akiwa hawezi hata kujigeuza, na mgongo ukaanza kufanya vidonda. Mganga wa zahanati hakutuficha: bila muuguzi, vidonda vile vingemuua. Ombi langu kwa mfuko likakataliwa.

Nililipeleka kwenye mkutano wa wafanyakazi. Mama akateremka kutoka mlimani kuja kunisemea. Mwenyekiti alikuwa Mnyamwezi, mtani wetu.

"Shikamoo, mama. Baba yake huyu amefariki?"

"Marahaba, mwanangu. Yupo, mzima, analima."

"Ala! Na bado mnataka wa pili? Waluguru kwa tamaa!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mama alingoja kiishe.

"Baba yake nimezaa naye. Aliye kitandani ndiye tunayemuuliza. Mtoto akiugua, anaitwa yeye. Akitaka kuoa, anaitwa yeye. Leo anaugua yeye. Tumwite nani?"

Nimesoma hoja nyingi tangu siku ile, nyingine za watu mashuhuri. Sijaona iliyoufanya umati mzima ushushe macho namna ile.

Mwenyekiti alivua kofia. "Mama, kazi ya mtani ni msibani, na mimi kazi hiyo naipenda. Lakini ya kumzika huyu siitaki." Akaomba mikono. Ikainuka ya Wachaga, ya Wahehe, ya Wangoni, watu ambao hawakuwa na mjomba wa namna yetu wa kumwombea. Niliitazama, nikasahau kuinua wangu.

Kanuni iliongezewa maneno "au mlezi anayetambuliwa na ukoo". Muuguzi alipanda mlima juma lililofuata, na masika yalipoingia vidonda vya mjomba vilikuwa vimefunga.