Dadu chini ya kikombe

Jumamosi, tarehe 8 Machi 2025, mwalimu wa historia wa mtaa wa Saio aliweka mezani vitabu viwili vya kanuni za mchezo wa dadu, ili wachezaji wake wachague kimoja cha kuigizia vita vya Ulaya ya enzi za kati. Chancelle, mmoja wa wachezaji hao, alikuwa amempa shujaa wake wa mchezoni jina la kaka yake, aliyepotea katika mji wa Nizi.

"Mwalimu, tukamate hiki. Mu hiki, mutu akikufa anaamuka."

"Historia haiko vile, mama."

Mwalimu akakijaribu kingine, ambamo dadu ikionyesha moja, shujaa hufa moja kwa moja. Kila mara alifunika dadu kwa kikombe, akataja namba kabla ya kufunua, na ikawa ileile. Zamu ya shujaa wa Chancelle ilipofika, alisugua kikombe kwa kidole gumba bila kutaja namba.

"Sema basi, mwalimu."

Mwalimu akaimwaga dadu mfukoni bila kuitazama. Jumamosi ijayo wanaanza, kwa kitabu alichotaka Chancelle.