Baridi Imekula Vidole

Aliyeniambia kwanza kwamba baridi ya Tukuyu hufuta alama za vidole ni wifi yangu, nami nilidhani ananitania. Juzi nimejionea mwenyewe kwenye duka la kusajili laini za simu.

Mbele yangu alikuwa bibi mmoja wa Lufingo. Binti yake amejifungua Mbeya, naye alitaka laini yake mwenyewe asikie mjukuu akilia. Akaweka kidole gumba kwenye mashine, ikakataa. Akajaribu vingine vyote, vimepasuka kama magome.

“Bibi, mashine haikuoni,” alisema kijana wa kaunta.

“Na nimesimama hapa hapa?”

“Ni maji ya baridi. Wiki hii usifue wala usioshe vyombo. Jipake mafuta mikononi, kisha urudi.”

Bibi akamgeukia mumewe, aliyekaa kwenye benchi, mikono mifukoni.

“Umesikia?”

“Sasa nani atafua?”

“Mjukuu wangu, hebu mpime na huyu,” bibi akamwambia kijana wa kaunta.

Babu akagusisha kidole tu, mashine ikaitika. Sisi wanawake wa foleni tuliinama kukitazama. Kilikuwa laini kama parachichi lililoiva.

“Basi isajiliwe kwa changu,” babu akasema kwa fahari.

“Hapana,” bibi akajibu. “Hicho nimeshakipangia kazi. Kinaanza na mablanketi.”

Kila kipupwe tunashauriwa mafuta ya kupaka. Kumbe dawa nyingine iko mifukoni mwa waume zetu.

Asubuhi iliyofuata nilijipaka mafuta mpaka viwikoni. Kusema niliona haya, kwa hiyo beseni la nepi nililisukuma kwa mguu tu, likamfikia baba wa mtoto wangu.