Meza ya Baruti na Chetezo cha Mama

Ijumaa moja ya ujana wangu bado naiona kama ya jana, mwanangu, na nilikuwa nimeazimia nisiisimulie tena. Lakini wiki iliyopita nilikwenda mtaa wa Bawshar kumtazama Haitham, mtoto wa ndugu yangu, nikatoka kwake kwa hasira hata kahawa sikuimaliza. Basi nitaisimulia. Nawe unayependa kulenga shabaha, na unayetaka kuweka meza ya kujazia risasi nyumbani kwako, nisikilize mpaka mwisho.

Tulikuwa tukikaa mtaa wa Ruwi, mimi na mama yangu, Bi Zuwena, katika nyumba ya vyumba viwili na stoo. Baba alikuwa ameshafariki, ameniachia bunduki yake ya zamani pamoja na kibali chake cha kurithi, na risasi za bunduki ile zilikuwa adimu madukani. Aliyenionyesha kwamba ganda lililokwishapigwa hujazwa tena ni rafiki wa baba, Mzee Nasor. Alinifundisha bila haraka, jioni baada ya jioni. Ganda la shaba husafishwa na kutazamwa kama halina ufa. Hutiwa kiwashio kipya kitakoni, hupimiwa baruti kwa mizani ndogo, kisha kichwa cha risasi hushindiliwa kwa mashine ya mkono. Ni kazi nzuri. Inataka macho, utulivu na mikono misafi, na kijana aliyeifanya vizuri hujifunza kutofanya pupa hata katika mambo mengine. Kwa hiyo usije ukasema mzee huyu anachukia kila kitu cha vijana. Sichukii. Hasira yangu ina mahali pake, na nitakuonyesha.

Siku niliyonunua mbao za meza, Mzee Nasor aliniuliza, "Utaiweka wapi?"

"Stoo, Mzee."

"Nani mwengine anaingia stoo?"

Nikamjibu upesi, tena kwa furaha, "Hakuna mtu. Mama tu."

Akaguna. Nikadhani ameridhika.

Sasa nikueleze desturi ya nyumba yetu, maana ndipo jambo lilipo. Mama alivuka bahari kutoka Unguja na mambo mengi aliyaacha huko, lakini buhuri hakuiacha. Kila Ijumaa kabla ya sala alitia makaa kwenye chetezo, akaweka udi juu yake, akazunguka nyumba nzima, chumba kwa chumba, kona kwa kona. Mwisho akafukiza nguo zetu za msikitini. Hakuruka mlango hata mmoja. Majirani walikuwa wakimtania, "Bi Zuwena, utawafukiza mpaka mende wako!" Naye akijibu, "Na wao waende kuswali."

Nilijua hayo tangu nikiwa mtoto wa kubebwa. Ijumaa ile mimi mwenyewe niliifua kanzu yangu mpya, nikaipiga pasi, na kwa kuwa chumbani kwangu kulikuwa na vumbi la kuranda mbao za meza, niliitundika msumarini stoo. Nikapiga kelele nikiwa humohumo stoo, "Mama, usiisahau kanzu yangu leo!"

"Lini nimeisahau?" akasema kutoka jikoni.

Kisha nikakaa mezani. Nikamimina baruti kwenye sahani pana ya bati ili niipime kwa urahisi, na nyingine nikaiacha kwenye kopo la halua, kwa sababu kopo lake lenyewe lilikuwa na kifuniko kigumu na mimi nilikuwa mvivu wa kukifungua. Rafiki yangu akapiga honi nje. Nikasema nitarudi sasa hivi. Nikainuka, sahani wazi, kopo wazi, mlango wazi.

Mama akaingia na chetezo. Alitaka mikono miwili ya kuishika kanzu, kwa hiyo akatafuta pa kukiweka chetezo, na mahali pa pekee palipokuwa sawasawa na mkono wake palikuwa ni meza yangu. Kaa moja likapasuka likarusha cheche.

Watu hudhani baruti iliyomiminwa wazi hulia kama risasi. Hailii. Huwaka kwa mpigo mmoja, mwanga mweupe na mvumo kama wa upepo, na ukishausikia kazi imeshakwisha. Niliusikia nikiwa mlango wa nje nacheka na rafiki yangu.

Nilimkuta mama amekaa sakafuni, leso yake inatoa moshi, nyusi hazipo, mkono wa kulia umevuliwa ngozi mpaka juu ya kifundo. Unajua neno la kwanza lililonitoka? Naona haya kulitamka. Nilimfokea. "Mama! Nani kakwambia uingie humu?"

Yeye akanitazama kwa macho yanayotoka machozi ya moshi, akasema, "Kanzu yako, mwanangu. Hebu itazame. Haikuungua?"

Mzee Nasor alitufuata hospitali. Alinikuta kwenye ukumbi nikiwaeleza jamaa kwamba Mama ameingia bila kubisha hodi. Akanivuta pembeni, na sauti yake ilikuwa ndogo, lakini sijapata kukemewa vile kabla wala baada.

"Kanzu ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Nani aliitundika pale?"

"Mimi."

"Baruti nani aliiacha wazi?"

"Ni mimi."

"Halafu unasimama hapa unasema hakubisha hodi? Abishe hodi kwake? Siku ile uliponambia hakuna mtu, mama tu, ilinipasa nikunyang'anye mashine palepale, na kosa hilo ni langu. Mama yako ndiye mtu! Wewe ndiye mgeni, uliyeingiza baruti kwenye nyumba ya watu bila kuwaambia!"

Mkono wa Mama ulipona, lakini vidole viwili havikukunjika tena, na chetezo akawa anakibeba kwa mkono wa kushoto. Kubwa zaidi kwangu ni hili: tangu siku ile mpaka kufa kwake alikuwa akibisha hodi katika kila mlango wa nyumba yake. Meza ilikuwa imeshaondoka. Nilimwomba aache. Akisema, "Ndio, mwanangu," na kesho namsikia tena, "Hodi? Naingia?" Mama yangu, mbele ya stoo yake ya unga na mchele!

Sasa rudi na mimi Bawshar. Haitham ana nyumba kubwa, vyumba ambavyo hata hajui vina nini. Ananiambia kwa furaha, "Ami, njoo uone meza yangu!" Ananipeleka chumba cha kufulia. Mashine mpya inang'aa, mizani ya kielektroniki, makopo yamepangwa. Na hatua mbili kutoka hapo kuna meza ya pasi, pasi inachemka, na Rehema, dada wa Tanga anayefanya kazi pale, anapiga nguo pasi.

Nikauliza, "Nani anaingia humu?"

"Hakuna mtu, Ami. Rehema tu."

Wallahi nilihisi kama nimepigwa kofi na mkono wangu mwenyewe.

"Anajua hivi ni vitu gani?"

"Nshamkataza asiguse. Na hii baruti ya siku hizi, Ami, si kama zile zenu."

Nikamgeukia yule binti. Akaweka pasi chini, akasema taratibu, "Babu, mimi nimeambiwa nisiguse. Sijaambiwa ni nini."

Hapo ndipo kahawa iliponishinda. Mtu anayekufulia na kukupigia pasi, ukamfungia na moto mkononi kando ya baruti, na ulinzi wote uliompa ni neno "usiguse"! Na siku likitokea la kutokea utasema alikuwa mzembe. Nilimwambia Haitham kwamba sitatia mguu kwake mpaka meza ile itoke.

Mwanangu, kabla hujanunua hata msumari wa meza, nenda kwa wahusika uulize kama sheria inakuruhusu kazi hii na kibali chako kinafika wapi. Ukiruhusiwa, itafutie chumba chake peke yake, chenye kufuli, kisicho na pasi, jiko wala nguo za mtu. Baruti ikae kwenye kopo lake lenye jina lake, na juu ya meza iwe ya aina moja tu, na ile tu unayoipima sasa. Akikuita mtu, afunge breki asubiri: funika kwanza, rudisha, funga, ndipo uinuke. Na kabla ya hayo yote waite wote wanaolala na wanaofanya kazi ndani ya nyumba hiyo, uwaonyeshe kila kitu ni nini na kinafanya nini, kwa lugha wanayoielewa, mpaka waulize maswali. Asiyestahili kuelezwa hatari hastahili pia kuwekwa karibu nayo. Ikiwa hayo ni mazito kwako, nunua risasi za dukani, ukalenge shabaha yako kwa raha.

Jana simu yangu ililia. Namba ni ya Haitham, lakini sauti ilikuwa ya Rehema. "Babu, meza imetoka. Imehamia kile chumba cha uani chenye kufuli. Na ameniita akanionyesha kimoja kimoja. Kumbe kile kikopo nilichokuwa naegemezea pasi ni cha baruti!"

Nikakaa kitako.

Mungu akupe mikono yenye utulivu, mwanangu, na jicho lisilopitwa na mtu. Akuhifadhi na wote walio chini ya dari yako, wa damu na wa kazi. Na akujaalie nyumba ambayo mama yako ataingia kila mlango na chetezo chake mkononi, asibishe hodi.