Daktari aliomba culot mbili, Tantine akaleta chupi

Wakuu, heri kwenu huko mliko. Haya yamenipata mwenyewe hapa Lubumbashi. Ningekuwa mtu wa kutunga, ningetunga yanayonipa sifa. Haya hayanipi.

Mnaonifahamu humu mnajua nahoji kila kitu. Nina licence, shahada ya chuo kikuu. Nikiona kosa la tahajia kwenye tangazo la msiba, nasahihisha kwanza, pole baadaye.

Basi, dada yangu mkubwa, Yaya Béa, alijifungua mtoto salama, kisha damu ikakataa kukoma. Daktari akaandika: culot mbili, haraka.

Culot ni chembe nyekundu za damu zilizotengwa na maji yake. Hospitali ilikuwa nazo, kwa sharti moja: mfuko ukitoka, lazima mtu atoe damu kurudisha akiba.

Nikamtumia Tantine, shangazi yetu, mwalimu mstaafu, ujumbe wa kisomi: "Yaya anahitaji culot mbili. Haraka. Iambie familia."

Saa nzima ikapita. Midomo ya Yaya ikawa na rangi ya unga wa muhogo.

Tantine akatokea peke yake, anahema, na mfuko mweusi mkononi. Ndani mna chupi mbili mpya. Za pamba. Pana kama bendera.

"Tantine, njo nini hii?"

"Culottes! Njo bile uliandika. Ila ulisahau 'te' mwishoni. Nikasema, mutoto wa université naye!"

"Na bantu bengine beko wapi?"

"Bengine ba nini? Culottes mbili zibebwe na bantu kumi?"

Nesi alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka, akauliza nani anatoa damu. Tantine alikuwa amepita umri wa kutoa damu. Wote wakanitazama mimi.

Hapo mhoji ndani yangu akaamka. Mbona hamumpi damu nzima? Yale maji mnayapeleka wapi? Mnauza? Halafu sijala vizuri. Halafu sindano hiyo mbona nene?

Mzee wa maabara hakubishana. Alinionyesha mfuko uliotoka kwenye mashine ya kuzungusha: chini nyekundu, juu manjano.

"Baba moja alitoa hii juu ya mutoto wake mwenye alichomeka na maji ya moto. Ya manjano iko ya mutoto. Ya chini, njo culot, inaenda kwa yaya yako. Ule baba hakuuliza inaenda kwa nani."

Nikautazama tena ule mfuko.

"Hiyo iko moja," akaendelea. "Ya pili iko mu akiba, inangojea mukono yako, Monsieur Maswali."

Nikanyoosha mkono. Nilifumba macho, siwadanganyi.

Mifuko miwili ikaingia mwilini mwa Yaya, tone kwa tone. Jioni midomo ikaanza kurudi rangi yake. Akafungua macho, akatutazama mmoja mmoja, akasema kwa sauti ndogo:

"Hakuna mwenye aliniletea culotte?"

Tantine aliinua tu ule mfuko mweusi, polepole, akinitazama mimi.

Nilichojifunza: kuhoji ni kuzuri, ila hoji mkono ukiwa tayari umenyooshwa. Na ukiomba damu, andika DAMU. Kifaransa chako utakionyesha mgonjwa akipona.

Kwenu je, familia ilielewa nini daktari alipoandika? Semeni, nasoma zote. Makosa ya tahajia leo nayasamehe.