Asubuhi Riziki Alipoketi Kwenye Mazuku

Asubuhi ile naikumbuka yote, mwanangu, hata baridi yake. Wewe ulikuwa hujazaliwa, na dada zako hawapendi kuisimulia. Lakini umeniambia kwamba vakansi hii, shule zikifungwa, unataka kuwapeleka watoto wako wakubwa kwa miguu kutoka Masisi mpaka Goma, kwenye njia ya zamani ya wapagazi. Basi ni lazima uisikie. Habari za usalama utaziuliza mwenyewe kabla ya kuondoka, mimi nasema juu ya njia yenyewe.

Babu yangu alikuwa mpagazi. Alibeba mizigo ya wazungu kichwani kutoka milimani mpaka ziwani, na aliniambia kila mahali walipopumzika. Nilitaka dada zako wapite alipopita yeye. Furaha alikuwa na miaka kumi na sita, Riziki kumi na mitatu. Mimi nilikuwa bado kijana, mwenye nguvu na sauti kubwa. Kila kitu nilikipanga peke yangu: saa ya kuamka, saa ya kula, nani atangulie. Furaha akiuliza swali, nilimjibu, "Babu hakuuliza, alitembea."

Siku ya tatu tuliondoka Sake, tulikolala, kabla jua halijatoka vizuri. Hapakuwa na upepo hata kidogo. Tuliacha barabara, tukaingia kwenye mawe meusi ya volkano kuelekea Mugunga. Riziki alikuwa anachechemea, viatu vilikuwa vimemchubua vidole. Nikamwambia avumilie mpaka bonde dogo ambako wapagazi walikuwa wanatua mizigo. Kweli tukalifikia: shimo pana katikati ya mawe, lenye majani mabichi, unaliona tu unatamani kuketi.

Furaha akasimama ukingoni. "Papa, tusishuke. Kuna ndege wamekufa pale."

"Baridi imewaua."

"Na ule mjusi? Papa, hapa iko mazuku."

Wewe ni mtu wa Goma, unayajua mazuku: hewa mbaya inayotoka ardhini na kutulia mashimoni, bila rangi, bila moshi wa kukuonya. Mimi pia niliyajua. Ila niliona aibu kusahihishwa na mtoto mbele ya mdogo wake. Ndiyo sababu yote, mwanangu, hakuna nyingine.

"Babu yangu alipumzika hapa," nikasema. "Riziki, shuka."

Akashuka, kwa kuwa ni baba yake aliyesema. Akaketi, akafungua kamba za kiatu, akainama kutazama kidole chake. Hakuinuka tena. Nikamwita mara ya kwanza nikidhani anacheza. Mara ya pili nikaona kichwa kimelala kwenye majani.

Nikaruka shimoni. Juu yetu palikuwa na shamba la maharage, na mama mmoja mzee alikuwa anakuja mbio juu ya mawe, jembe mkononi, akipiga kelele: "Papa, usivute pumuzi! Usiiname! Mutakufa wote!"

Lakini mtoto aliyelala utamwinuaje bila kuinama? Nilibana pumzi, nikamshika Riziki mkono, nikaanza kumburuta. Nilipiga hatua tano, labda sita, kifua kikanishinda. Nikavuta hewa mara moja tu. Nikaanguka, macho yakaingia giza. Kitu kikanigonga usoni: kitenge cha Furaha, alichokuwa amekifunga kiunoni.

"Papa, shika! Shika, usimwachilie Riziki!"

Nikakisokota mkononi. Furaha na yule mama wakavuta, nami nikitambaa, mpaka tukatokea juu penye hewa. Riziki alikuwa na midomo ya rangi ya majivu. Yule mama akamlaza ubavu, akamsugua kifua, Furaha akimwita jina bila kukoma. Mimi nililala pembeni nikitazama, hata kusali sikuweza. Muda ulikuwa mrefu, mwanangu. Kisha Riziki akakohoa, akatapika, akaanza kulia.

"Nani aliwaambia mushuke pale?" yule mama akauliza.

Niliyatazama mawe. Furaha angeweza kunitaja, lakini aliendelea kumfuta Riziki mdomo. Mama akatutazama sote, akaelewa.

"Babu," nikaanza, "babu yangu alikuwa anapumzika—"

"Babu yako alipita zamani, udongo huu unabadilika. Leo ni mimi ninalima hapa, na haukuniuliza." Akanionyesha dada zako kwa kidole. "Hawa si batoto ya kubeba ku mugongo. Wako na macho."

Nilimgeukia Furaha, nikasema neno ambalo sikuwahi kumwambia mtoto yeyote: "Nisamehe."  Alichukua mfuko wa Riziki, akauvaa juu ya wake.

"Tutapita barabarani," akasema.

Nikamfuata.

Kwa hiyo nenda nao, mwanangu, sikukatazi. Lakini mtoto wako akisimama na kukataa, nawe simama. Muulize ameona nini, umwache amalize kusema. Waulize wanaolima kando ya njia leo, kabla ya kufuata maneno yetu sisi wazee na ya waliokwisha kufa. Na ukikosea, kubali palepale, mbele ya watoto wako wote, hata kama uso unawaka.

Mungu awatangulie kwenye kila mteremko. Awape masikio ya kusikilizana na miguu ya kurudi nyumbani, na mama yao awafungulie mlango kwa kicheko. Nendeni na baraka yangu.