Mbio za Kwenda Mtoni

Juzi nilitazama fainali ya mashindano ya safari kwenye runinga. Washindani walipoanza kukimbia na mabegi mgongoni, nikasikia harufu ya nyasi zinazoungua.

Nilikumbuka mchana mmoja wa utotoni, kijijini kwetu Mazingara: watu walikuwa wakichoma mashamba kusubiri mvua, upepo ukageuka na kuuleta moto kwetu.

"Tushindane mpaka mtoni," Mama alisema, akinivuta. "Usigeuke nyuma!"

Bibi alikuwa anafungulia mbuzi. "Tangulieni, nitawapita."

Nilikimbia nikicheka. Mabua ya mahindi yalipasuka nyuma yetu, pa, pa, pa, nikadhani tunapigiwa makofi.

"Bibi ameshika mkia!" nilishangilia mtoni. Mama alikuwa akitazama moshi.

Juzi hata mshindani wa mwisho alifika, wakampigia makofi. Nikazima runinga.